Mawenzi iko upande gani? Kuhusu kutoa na kupokea maoni kwa anayeanza kuchora mandhari

Mtu akikutumia mchoro wake wa kwanza wa mandhari, kauchora kwenye simu, ukamjibu "noma sana" na makopakopa matatu, umemwacha palepale ulipomkuta. Ukimjibu "bado sana dogo, kazana" nako umemwacha palepale, tofauti yake huyu wa pili analala na kinyongo. Hili jambo nimeliwaza sana siku za karibuni kwasababu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu aliyeko Moshi, kamaliza kidato cha nne anasubiri matokeo, na muda wote huo wa kukaa nyumbani kauweka kwenye kuchora, anachora kwa kidole kwenye ibisPaint, ile programu ya kuchorea, simu yenyewe kioo kimepasuka kona, na kila anachomaliza ananirushia mimi mana ndo anko anayeshinda kwenye kompyuta akitengeneza mabango na kadi za harusi.

Picha iliyonifanya niandike haya ni ya Kilimanjaro alfajiri. Mbele kuna migomba na nyumba ya bati, nyuma mlima, anga la rangi ya chungwa linaishia kwenye zambarau, na jua kubwa duara limekaa upande wa kushoto pembeni kidogo ya mlima. Ikaja na voisi: "Shikamoo anko, nipe ukweli, usinionee huruma." 

Nikaikuza nikaiangalia vizuri. Barafu nyeupe pe. Msitu wa mlimani kijani kilekile cha migomba ya mbele. Vivuli vyeusi tii, yani nyeusi ile ya kwenye kona ya chini kabisa ya duara la rangi. Kila jani la mgomba limechorwa na mishipa yake, na unajua kabisa alikuwa amezuum mpaka jani moja likajaza skrini nzima. Na vile vilele viwili vya mlima, Kibo iko kulia, Mawenzi iko kushoto.

Ningetaka ningemwandikia vitu kumi na tano kwa mkupuo na vyote vingekuwa kweli. Ila nimeshaona watu wakifanyiwa hivo, ni kama kumpakulia mgonjwa sahani ya pilau la shughuli wakati anachoweza kumeza ni uji, ataangalia tu alafu atasukuma pembeni. Anayeanza anabeba jambo moja, sanasana mawili, na hilo moja liwe kitu anachoweza kukishika kwa kidole chake leo jioni bando likiwepo na chaji ikiwepo. "Jitahidi kwenye rangi" hakuna anayeweza kulishika. "Hiki kijani cha msituni na hiki cha mgomba ni kimoja, umevitofautishaje?" hilo linashikika.

Lakini kabla hata ya hapo kuna swali ambalo watu wengi wanaliruka, nami naliona ndo mlango wenyewe: ulikuwa unataka nini? Yani picha hii ulitaka imfanye nini mtu anayeiangalia?

Naling'ang'ania hili kwasababu hapa kwetu kuchora mandhari hakujawahi kuwa njia moja. Chukua tingatinga, ile michoro ya wanyama aliyoianzisha Edward Saidi Tingatinga pale Dar mwishoni mwa miaka ya 60, akafariki 1972 akiwa kijana bado lakini vijana aliowafundisha wakaendelea nayo mpaka leo. Kule nyuma ya mnyama ni rangi tu iliyolala, hakuna mbali wala karibu kwa maana ya macho, na hakuna aliyekosea hapo, ndo ilivyokusudiwa. Au chukua mchoraji Sam Ntiro, mtu wa Machame hukohuko mlimani, kazaliwa 1923, kasoma sanaa Makerere kwa mwalimu Margaret Trowell alafu akaenda Slade, chuo cha sanaa kule London, baadaye nchi ilipopata uhuru akawa balozi wetu Uingereza. Alichora maisha ya Wachaga kwenye migomba yao na hakuhangaika na mambo ya milima ya mbali kufifia, watu na miti vimepangwa vinaonekana vyote vizima, na makumbusho ya sanaa ya kisasa kule New York wana kazi yake. Sasa fikiria mtoto anachora kwa moyo wa Ntiro, we unamjia na "mlima wa mbali lazima uwe wa bluu." Lazima kwa nani? Hapo humsaidii, unamvuta aje uchore wewe kwa mkono wake.

Kwahiyo nikamuuliza. Akakaa kama nusu saa naona tu anaandika anafuta anaandika anafuta, mwisho akasema anataka mtu akiiangalia asikie baridi ya asubuhi ya kwao na aone mlima ulivyo mkubwa. Basi. Baridi, asubuhi, mlima mkubwa. Kuanzia hapo kila nilichomwambia nilikipima kwa hayo matatu, na kitu ambacho hakigusi hayo matatu nilinyamaza nacho hata kama kilikuwa kinanikera.

Alafu nikamuuliza swali la pili: ukisimama mlangoni kwenu ukautazama mlima, Mawenzi iko upande gani?

Akajibu fasta, "kushoto anko."

Sikumwambia kakosea. Nilimwambia tu kesho asubuhi akitoka kupiga mswaki aangalie. Kesho yake saa kumi na mbili na nusu simu inalia, ujumbe mmoja tu: "Anko iko KULIA."

Huyu mtoto kakua na ule mlima. Kauona kila asubuhi ya maisha yake ambayo mawingu hayakuuziba. Ila alipokaa kuchora alifungua mtandaoni akatafuta picha ya Kilimanjaro, na picha nzuri nzuri zinazokuja za kwanza, zile za tembo mbele na mlima nyuma, nyingi zimepigwa Amboseli upande wa Kenya, yani mpigaji yuko kaskazini anatazama kusini. Mawenzi iko mashariki ya Kibo. Ukisimama Amboseli mashariki ipo mkono wako wa kushoto, ukisimama Moshi mashariki ipo mkono wa kulia. Kwahiyo kachora nyumba ya kwao na migomba ya kwao alafu nyuma kaweka mlima wanaouona wenzetu wa ng'ambo ya pili. Mgeni hatagundua. Mtu wa Moshi atahisi kuna kitu hakijakaa hata kama hatoweza kukitaja.

Hili ndo nilitaka kulisema hasa: maoni mazuri ni kumwambia mtu jicho lako limeona nini, alafu umwachie yeye aamue. Siyo umependa nini, siyo ungefanya nini ungekuwa wewe. Unachokiona. "Naona Mawenzi iko kushoto" ni kitu ambacho hakina ugomvi, kipo pale kwenye picha, tunaweza kukitazama wote wawili. "Mpangilio wako haujanivutia" ni habari zangu mimi, anaanzia wapi kuzirekebisha?

Sasa ikaja ngumu yenyewe. Mlima ukishaurudisha Kibo kushoto Mawenzi kulia unajikuta na swali la jua. Kutoka Moshi mjini Kibo iko kaskazini moja kwa moja, sanasana. Jua linachomoza mashariki, yani mkono wa kulia. Na mwezi wa 12, ambao ndo alikuwa anachora, jua linachomoza limesogea kusini kidogo ya mashariki, kwahiyo ukiutazama mlima jua lenyewe lipo kuliani kwako na nyuma kidogo ya bega. Haliwezi kuwamo kwenye hiyo picha kabisa. Mwezi wa 6 linasogea upande wa kaskazini na ule uso wa mlima unaotazama Moshi unakaa kwenye kivuli zaidi asubuhi, ila hata hapo jua lipo pembeni mno, kwenye fremu ya kawaida halikai.

Na jua ndo kitu alichokipenda kuliko vyote. Hilo lilionekana wazi. Kalizungushia miale, kaweka leya ya mng'ao (leya ni kama karatasi angavu unayoiweka juu ya nyingine), katumia brashi ambayo ilibidi aangalie tangazo ndo ifunguke. Hapo nilifikiria sana nimwambieje, mana kumwambia mtu mgomba wake mmoja umepinda ni kitu kidogo lakini kumwambia kitu alichokijengea picha nzima hakikai pale, hiyo inauma hata ukiisema kwa sauti ya asali. Wapo watakaokwambia anza na sifa, weka kasoro katikati, malizia na sifa. Mimi siipendi hiyo, dogo siyo mjinga, akishazoea mtindo akisikia sifa tu anaanza kusubiri kofi. Nikisifia nasifia kwasababu nimeona kitu cha kusifia, na nakitaja kwa jina lake: nilimwambia lile bati la nyumba limekaa vizuri kwasababu kalichora na mistari michache tu ya mwanga na jicho langu likamalizia lenyewe. Nilisema hivo kwasababu ni kweli na kwasababu nilitaka ajue alichopatia ili akirudie.

Kuhusu jua nikampigia kabisa, sikuandika. Maandishi hayana sauti, neno "jua haliwezi kuwa hapo" ukilisoma usiku umechoka linasomeka kama mtu anakufokea. Nikamwambia ninachokiona: nyumba inatazama mlima, mlima uko kaskazini, jua lako limechomoza kaskazini magharibi. Kwahiyo una njia mbili na zote halali. Ukitaka jua libaki, libaki, picha ni yako na siyo ramani, wachoraji wengi wanahamisha jua wanavyotaka. Au ulitoe jua lenyewe uuache mwanga wake, uupige mlima kutokea kulia, uone barafu ya Kibo inavyokuwa asubuhi, mana asubuhi ile barafu siyo nyeupe pe, ina kapinki na kachungwa kwa mbali upande unaopigwa na jua, na upande wa kivuli ni bluu kwasababu pale inamulikwa na anga tu. Akasema "sawa anko" kwa ile sauti ya sawa ambayo siyo sawa, akakata.

Akanyamaza. Nami sikumsumbua. Hii naona watu hawaipi uzito, mtu ukishampa maoni mpe na nafasi ya kukasirika, siyo unamfuata kila baada ya saa "vipi umebadilisha?" Moyo una mwendo wake. Kwa anayepokea nako ni hivohivo, huna deni la kujibu palepale, na ukijibu palepale mara nyingi utakachojibu ni "ndiyo lakini." Ndiyo lakini nilichora usiku. Ndiyo lakini simu ndogo. Ndiyo lakini picha niliyoangalizia ilikuwa hivo. Yote yanaweza kuwa kweli, ila anayeitazama picha haoni usiku wala simu, anaona picha.

Kati ya hapo ndo bibi yake akaingia. Bibi haelewi habari za leya, ila alionyeshwa simu akaiangalia kwa mbali kwa kunyoosha mkono vile watu wazima wanavyofanya, akauliza, "Mbona mlima mmeuleta hapa nyuma ya banda la ng'ombe?" Dogo akanitumia hiyo voisi analalamika, mi nikamwambia hayo ndo maoni bora uliyopata tangu uanze. Kwasababu alisema anataka mlima mkubwa, na bibi kauona mdogo. Mlima uliosogea karibu unakuwa kilima.

Na kwanini ulionekana karibu? Hapa nikae kidogo mana hapa ndo anayeanza mandhari anahangaika sana. Kutoka Moshi mjini mpaka kilele ni kama kilomita 30 hivi kwa mstari ulionyooka, na kilele kipo mita 5,895, Mawenzi mita 5,149. Kati ya jicho lako na ule msitu kuna hewa nyingi sana, na hewa siyo kitu kitupu. Mwanga ukipita kwenye hewa ule wa bluu unatawanywa zaidi kuliko mwekundu, ndo sababu anga ni bluu, na kadri hewa ilivyo nyingi kati yako na kitu ndo huo ubluu unavyozidi kukaa mbele yake, ukijumlisha na mvuke na vumbi basi vyeusi vya kule vinapauka, tofauti kati ya giza na mwanga inapungua, kingo zinalegea. Leonardo da Vinci aliyaandika haya ya milima ya mbali kuwa ya bluu miaka zaidi ya 500 iliyopita kwa kutazama tu. Kwahiyo msitu wa mlimani, ule mkanda wa kama mita 1,800 mpaka 2,800, ukiusogelea ni kijani kizito kweli, ila kutoka mlangoni kwao ni bluu ya kijivu yenye kakijani kwa mbali sana. Dogo kachora anachokijua, kwamba miti ni kijani. Jicho lake halijawahi kuiona ile miti kijani kutoka pale.

Na hata hii siyo sheria ya kukariri, kwasababu mvua ikinyesha usiku ikasafisha vumbi, asubuhi yake mlima unakuwa umesogea, unaona mpaka mikunjo yake, bibi mwenyewe analijua hilo. Kiangazi vumbi likizidi unapauka uwe wa kahawia kahawia au upotee kabisa. Kwahiyo swali siyo "mlima uwe bluu kiasi gani," swali ni asubuhi ipi unachora.

Nilimpa kitu kimoja cha kufanya. Bahati nzuri alikuwa kaweka migomba na nyumba kwenye leya yake na mlima kwenye leya yake. Nikamwambia ongeza leya mpya katikati ya hizo mbili, chagua rangi ya anga palepale linapokutana na mabega ya mlima, upake mlima wote kwa hiyo rangi, alafu ushushe ukolezo wa hiyo leya mpaka ufike kama asilimia 30, uangalie, upandishe ushushe mwenyewe mpaka uone mlima unaondoka kwenye banda la ng'ombe. Akaona. Akanitumia skrinshoti moja ya asilimia 10, nyingine ya 60 ambayo mlima ulikuwa umezama kabisa, nyingine ya 35. Hakuandika neno, na sikuhitaji neno, mtu akianza kujaribu mwenyewe hivo kazi yako imebaki ndogo.

Alafu nikamwonyesha ile ya kuondoa rangi. Piga skrinshoti, ifungue kwenye galari, ingia kwenye kuhariri, shusha rangi mpaka sifuri ibaki nyeusi na nyeupe. Ukiona mgomba na mlima vina kijivu kimoja, macho ya watu nayo yatavibandika pamoja hata uweke rangi nzuri namna gani. Na ile ya kuigeuza picha kushoto kulia, kwenye Krita, programu ya kuchorea ya kompyuta, unabonyeza M tu, kwenye simu ipo kwenye vitufe vya kuangalizia, jicho linakuwa kama halijawahi kuiona na ubovu uliouzoea unajitokeza wenyewe. Hizi mbili nampa kila anayeanza kwasababu zinamfanya ajipe maoni mwenyewe kabla hajamtafuta mtu, na mtu akija anakuta yale ya wazi yameshaisha.

Kuna mzee mmoja hapa Morogoro, fundi wa kuandika mabango kwa mkono, wa zamani kabla ya hizi mashine za kuprinti. Nilikuwa namwonyesha kazi zangu za milima ya Uluguru nilipokuwa nanunua tableti ya kwanza. Alikuwa haangalii karibu. Anasema iweke pale, anarudi nyuma hatua kadhaa, anafumba macho nusu, alafu anauliza swali moja, mara nyingi ni lilelile: "Jua lako liko wapi?" Ukimjibu anakuuliza, "Na hiki kivuli kinajua?" Basi, anarudi kwenye brashi zake. Hajawahi kunishikia kalamu. Na hiki ni kitu ninachokifuata kwa nguvu zote, sichori juu ya kazi ya mtu bila kumuomba. Dogo nilimuomba, nikamwambia nitumie skrinshoti nikuchoree mistari miwili myekundu kuonyesha mwanga unapotokea, siyo faili lenyewe, na alikubali. Ukichukua kazi ya mtu ukaichora upya kwa ufundi wako ukamrudishia "unaona inavyotakiwa?" atakachokiona ni umbali uliopo kati yako na yeye, na hilo alikuwa analijua tayari.

Kuna siku alinijia amechanganyikiwa kabisa. Rafiki yake kamwambia aongeze ndege na twiga. Mama yake, dada yangu, kamwambia hiyo nyumba siyo ya kwetu, bati letu lina kutu. Mwingine kasema anga limezidi. Mwingine kasema michoro ya kwenye simu siyo sanaa, simu inachora yenyewe, hili nilimwambia alipite tu, simu haijawahi kuamka saa kumi na mbili kwenda kuangalia Mawenzi. Hayo mengine tukakaa nayo moja moja, tukarudi kwenye yale matatu yake, baridi, asubuhi, mlima mkubwa. Twiga hasaidii hata moja, na pale kwao kwenye migomba twiga anatokea wapi. Ila rafiki kusema "ongeza ndege" na yule mwingine kusema "anga limezidi," ukiviangalia wote wawili macho yao yamekwama sehemu ileile, pale juu. Dawa zao ni tofauti, mmoja anataka kujaza mwingine anataka kukata, lakini kidonda wamekiona kimoja, kwamba anga limechukua nafasi kubwa na halina kazi. Na ukiwaza, anga likipungua mlima unapanda unajaza picha, unakuwa mkubwa. Akakata juu.

Na mama kaona kweli. Bati lenye kutu lina wekundu wekundu, na mlima ukishakuwa wa bluu ule wekundu mdogo pale chini unafanya bluu ya nyuma iwe baridi zaidi. Dada yangu alikuwa anaitetea nyumba yake tu, hakuwaza rangi, lakini alichokiona kilikuwepo. Ndo mana siku hizi namwambia dogo aonyeshe watu wasiochora pia, akina mama, majirani, wauza maziwa, ila asiwaulize "ni nzuri?" kwasababu mtu mstaarabu atasema nzuri. Awaulize "hapa ni saa ngapi?" au "mlima uko mbali au karibu?" Akiulizwa hivo mtu anaangalia kweli.

Kuomba maoni nako kuna namna yake na dogo kapiga hatua kwenye hilo. Mwanzo alikuwa anarusha picha na "vipi anko?" Sasa anatuma picha, anatuma na picha aliyopiga mwenyewe mlangoni kwao, alafu anasema, nimejaribu kufanya hiki, sehemu inayonisumbua ni hii, usiangalie migomba bado sijafika. Hapo unajua pa kuweka jicho. Mwenye kazi tatu za mteja mezani anaweza kukujibu kwa dakika mbili jambo la maana, wakati "vipi?" ingekaa wiki haijajibiwa.

Mchoro wa pili ulikuja Mawenzi ikiwa kulia. Jua hakuna. Alilitoa, hakuniambia ameamua lini. Barafu ina kapinki upande wa mashariki, vivuli vya migomba vimekuwa vya bluu nzito badala ya ile nyeusi tii na vinaelekea kushoto vyote, bati lina kutu, anga limekatwa mpaka mlima umekaribia kugusa ukingo wa juu. Moshi wa jikoni kidogo kwenye kona ya nyumba, hilo hakuna aliyemwambia, kaliwaza mwenyewe, na kwa baridi ya asubuhi lilifanya kazi kuliko kitu kingine chochote pale. Nilimwambia hivo hivo.

Majani ya migomba bado yana mishipa yote, kila moja. Sijaligusa hilo, makusudi. Lilikuwa la kwanza kuliona siku ile ya kwanza lakini halikuwa linazuia mlima kuwa mkubwa, na angekuwa kalirekebisha kwanza angekuwa na majani mazuri mbele ya mlima wa Amboseli. Sasa zamu yake ndo imefika. Kaanza picha mpya, Mawenzi peke yake na yale meno yake ya mwamba, na safari hii nimemwomba anitumie ikiwa bado mabonge makubwa ya giza na mwanga tu, kachora kwa brashi nene bila kuzuum, kabla hajaweka jani hata moja, wakati kubadilisha kitu bado ni kazi ya dakika tano.